Breki za Fundi Mgeni

Wawi, Pemba
Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Kaka yangu mpenzi Suhail,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, mgongo umepoa na joto la Maskati limekuhurumia kidogo. Sisi huku hatujambo. Mvua imetosha, mihogo ya nyuma ya nyumba imekubali, na paa lile ulilokuwa ukiulizia halivuji tena. Barua anakuletea Saud wa Hamood, aliyekuja likizo. Najua utacheka na kuuliza nani anaandika barua siku hizi. Lakini ujumbe wa sauti wewe huufungua mbele za wenzako kazini, na ninayotaka kukwambia leo nataka uyasome peke yako, umekaa.

Kwanza nikupe habari za binti yangu, mwanao. Khairat ametimiza arobaini Jumatano iliyopita. Jina la marehemu mama limemkaa vizuri. Ukimwita hugeuza macho taratibu, kama mama alivyokuwa akifanya akijua unataka kumwomba kitu. Pua ameichukua yetu, pole yake. Uso uliobaki wote ni wa mama yake, Kazija, alhamdulillahi.

Kama unavyojua ada zetu, Kazija alikwenda kuzalia kwao Chokocho na kukaa huko arobaini nzima, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza. Mimi nikabaki Wawi na chaki zangu. Kengele ya mwisho ikilia pale skuli, naingia barabarani na baiskeli uliyoniletea, na baada ya saa moja na ushei niko kwa wakwe. Walimu wenzangu walinishauri nipande gari kama mume mwenye akili zake. Nikawajibu kwamba mazoezi ya mashindano na kwenda kumwona mwanangu kwangu ni safari moja, kwa hiyo mwenye akili ni mimi.

Shida ilikuwa mavazi. Ile kaptula ya kubana uliyoituma pamoja na baiskeli haiendi mbele ya mkwe. Nikawa natembea na kikoi mgongoni. Kabla ya kufika nyumba ya kwanza nashuka, nakifunga, nasukuma baiskeli hadi mlangoni kwa adabu zote. Siku ya tisa furaha ikanizidi nikasahau. Mama mkwe, Bi Rahma, alinitazama mara moja tu, akageukia ukutani, akaniuliza kwa upole kama nimenyang'anywa nguo njiani. Kazija alicheka huko chumbani mpaka akakanywa asije akalegeza mkaja aliofungwa tumboni.

Nikwambie jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku nne za mwanzo sikumshika mtoto. Adhana alisomewa na babu yake, kwa kuwa mimi uchungu ulipoanza nilikuwa darasani na nilipofika mtoto alikuwa ameshakuja. Basi nikawa nakaa ukumbini, nakunywa chai, nawaulizia hali zao, nasikia kilio chake ndani, kisha narudi Wawi. Wenyewe walidhani namwonea haya mkwe. Ukweli niliogopa. Mimi ninayebeba baiskeli begani kama kikapu niliogopa kitu cha kilo tatu. Siku ya tano Bi Rahma akatoka naye, akaniwekea mikononi bila kuniuliza, akasema, "Yuno wako. Hatukukuazima."

Nilikuwa bado nina jasho na moyo unanienda mbio. Nilidhani atalia. Akaweka sikio lake hapa kifuani, akapiga mwayo, akalala. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu. Nikifika naoga, navaa fulana safi, napewa mtoto, na sinyanyuki mpaka jua lipunguke. Kaka, sijawahi kupenda kitu namna hii.

Sasa nije kwenye mashindano. Yalifanyika Khairat akiwa na siku ishirini na sita, kutoka Wete kwa njia ya zamani hadi Gombani. Video uliiona. Uliona nilivyokuwa mbele mpaka juu ya kilima cha mwisho, Usama wa Wete akiwa nyuma yangu anahema, na uliona nilivyoingia uwanjani nikiwa mtu wa kumi na moja. Uliponipigia nikakwambia kwamba breki zilikamata zenyewe mteremkoni, na kwamba baiskeli ilikuwa imetoka kwa fundi Mgeni siku mbili kabla. Maneno hayo hayo nilikuwa nimeshayasema pale uwanjani, na yule aliyeshika kipaza sauti akayarudia pamoja na jina la fundi.

Ulifanya ambalo kaka yeyote angelifanya. Ulimpigia Mgeni. Wewe na yeye mlitahiriwa siku moja, mkakaa chuo kimoja cha Kurani, na mimi nyote wawili mlinifundisha kupanda baiskeli, wewe ukishika usukani na yeye akishika tandiko. Ukamwita muuaji, ukamwambia asilitaje tena jina lako. Hayo sikuyasikia kwake. Niliyasikia kwa watu waliokuwa wamekaa dukani kwake wakati simu inalia.

Tangu siku hiyo duka la Mgeni limekuwa kama nyumba ya msiba watu wameshatawanyika. Mteja mmoja alikuja akachukua baiskeli yake ikiwa imefunguliwa nusu, akaenda nayo begani na vyuma kwenye mfuko. Walimu wenzangu wakahamia kwa fundi mwingine huko Chake. Kesho yake baada ya mashindano Mgeni alikuja nyumbani, akaniomba kwa adabu aione baiskeli tu, ajue amekosea wapi. Nikamwambia nimeiacha Chokocho. Ilikuwa chumbani, kaka, nyuma ya mlango niliokuwa nimeuegemea.

Jumatano tukasoma maulidi ya arobaini hapa Wawi, Kazija na mtoto wamesharudi nyumbani. Sikumwalika Mgeni, sikuwa na uso wa kumwalika. Alikuja mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, amebeba kigari cha mbao cha kumfundishia mtoto kwenda, magurudumu matatu, na ndani ya kila gurudumu ametia gololi za baiskeli ili lizunguke laini. Alikianza, alisema, siku aliyosikia Kazija ana mimba. Akanikabidhi nyuma ya nyumba, watu wasione. Akasema, "Hiki hakina breki, basi usihofu." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anajaribu kutania.

Hapo ndipo nilipomwambia, na sasa nakwambia na wewe. Breki hazikukamata. Nilizibana mwenyewe.

Nilipofika juu ya kile kilima nilifanya kama siku zote, nikainamisha kichwa ili nishuke. Mteremko ule naujua, nimeushuka mara mia, na nilikuwa naona uwanja kabisa. Kisha nikaona kona ya chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona pia mtaro ulio kando yake na mawe yaliyomo. Nikaukumbuka uzito wa Khairat hapa kifuani. Nikaogopa kufa. Nikabana breki zote mbili, nikashuka kwenye baiskeli, nikasimama pembeni ya barabara kama mtu aliyepotea, huku Usama na wengine wakinipita. Mteremko uliobaki nilikwenda kwa miguu.

Watu waliponijia kuniuliza, nikasikia maneno yako ya tangu utotoni, kwamba nyumba yetu haijapata kuzaa mtu anayeogopa mteremko. Nikasema breki. Lilinitoka kabla sijafikiri, na lilipotoka nikaona ni rahisi zaidi kuliharibu jina la mtu kuliko kulitamka langu pamoja na neno woga. Nisamehe. Si kwa kuogopa; kwa hilo siombi msamaha, na leo ningebana tena. Nisamehe kwa nililomtendea Mgeni.

Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza nilianza kubana ya mbele au ya nyuma. Nikamwambia zote pamoja. Akauliza kama baiskeli iliyumba. Nikamwambia haikuyumba hata kidogo, ilisimama kama mtu aliyeitwa. Akasema, "Basi nlizifunga vyema." Halafu akaniuliza, "Na Suhail kajua?" Nikasema bado. Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akasema anaingia kula wali wa watu usije ukapoa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nikasimama barazani kwa Mgeni nikawaeleza wote kama nilivyokueleza. Jirani yetu Mzee Mbarouk alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sasa Wawi nzima wananiita Baba Breki, na Kazija ndiye anayeongoza. Walimu wameanza kurudisha baiskeli zao. Wengi walimpa Mgeni mkono wa radhi, naye aliwapokea wote vizuri, lakini sikumwona akicheka.

Baiskeli ni yako, kaka. Ukitaka nimpe anayeweza kushinda, niambie na nitampa bila kinyongo. Mimi nitaendelea kupanda, ila kwenye miteremko usinitarajie tena.

Namba ya Mgeni ni ile ile. Jana nilipopita simu yake ilikuwa juu ya boksi la spana, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Alisema anaiweka hivyo kwa ajili ya wateja. Wateja wake wote ni wa hapa hapa Wawi, kaka, na wote hufika wenyewe mlangoni.

Kazija anakusalimu sana, na Bi Rahma anakuombea kila baada ya sala. Khairat yuko hapa begani kwangu na ameshanitapikia, chukulia hiyo ndiyo salamu yake. Wasalimie Wapemba wenzetu wote mlio nao huko. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na atukutanishe kwa kheri.

Wasalaam,
mdogo wako akupendaye,

Shaame