Kabla ya Kusema Naona

Kirumba, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Jovitus,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, basi naijibu kabla haijafika. Hamjambo hapo Bukoba? Kahawa imechanua? Mpe mkeo Prudencia pole ya mguu, umwambie shemeji yake bado anakula vizuri. Sisi huku tu wazima, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza taratibu, kama ulivyonizoea.

Jirani yangu Gladness ni muuguzi wa macho. Anatafuta njia rahisi ya kugundua presha ya macho huko vijijini kusiko na mashine. Ugonjwa huu, Jovitus, hauumi. Unakula uwezo wa kuona pembeni kidogo kidogo, na jicho moja likififia, la pili linalifichia siri. Kwa hiyo Gladness hutundika kitambaa cheusi chenye alama katikati. Mgonjwa hufunika jicho moja na kukazia la pili kwenye alama ile, naye Gladness hupitisha kutoka pembeni kijiti cheusi chenye shanga nyeupe nchani.

Tatizo ni kwamba kipimo kilikuwa kikiwapitisha hata wagonjwa. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni mwalimu, twende wote Sengerema nikaangalie. Jibu nililipata kwa mzee mmoja, Masalu. Gladness alimuuliza kwa adabu, "Unaona, babu?" Mzee akajibu, "Naona, mjukuu wangu, usihangaike." Kijiti kilikuwa bado kwenye mkoba. Watu walicheka, Masalu kuliko wote. Nikamweleza Gladness kwamba mtoto akikuuliza vizuri hivyo, kumwambia huoni ni kama kumvunja moyo. Basi asiulize. Akae kimya, na mgonjwa agonge meza kila anapoiona shanga.

Tuliporudi mjini alihitaji mtu mwenye macho mazima wa kulinganisha naye. Nikajitolea. Kwa jicho la kulia niligonga vizuri. Kwa la kushoto niligonga kidogo, kisha pakawa kimya. Nikadhani amepumzika anywe maji. Nikamwambia aendelee tu, mimi nipo.

"Sijasimama, Mwalimu," akasema.

Daktari amethibitisha. Kilichopotea hakirudi; matone ninayotia kila jioni ni ya kulinda kilichobaki. Sikulia, wala sikuogopa. Nilipita soko la samaki la Mwaloni nikanunua sato, nikampara, nikampika, nikala. Hakuwa na ladha. Tangu hapo mambo yananipita kama redio ya jirani.

Ila daktari aliniuliza habari za ndugu zangu, maana ugonjwa huu hutembea katika damu. Nikamkumbuka mama alivyokuwa akijigonga kwenye migomba, nasi tukasema ni uzee. Kisha nikakukumbuka wewe, Krismasi iliyopita, ulipolikwaruza basi unaloendesha kwenye nguzo ya geti, ukailaumu nguzo. Tulicheka sote.

Mdogo wangu, usishike usukani tena kabla hujapimwa. Najua basi hilo ndilo linalowalisha watoto. Nakuomba hata hivyo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na kaburi la mama mlipalilie kwa niaba yangu. Ukinijibu, usiniandikie kwamba unaona vizuri. Hata mimi nilikuwa naona vizuri.

Ndimi kaka yako,
Osward