Kiti cha Mwisho Kabla ya Theluji

Bartang, 4 Oktoba

Mwanangu Parvona,

Salamu nyingi. Hatujambo huku milimani, ila macho yangu yana ukungu, ndiyo maana naandika herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Daktari wa huko Dushanbe anasema ni presha ya macho, nifike kabla theluji haijafunga barabara. Lakini tovuti yako ya kuwekea nafasi kwenye gari la kuja huko inatuchosha. Mtu mmoja akiifungua kule bondeni ambako mtandao unasuasua, kijiji kizima tunakodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye simu. Dereva Qurbonsho anakucheka: "Msomi wetu kajenga duka la mlango mmoja, na mlangoni kalala ng'ombe!"

Mama yako

Dushanbe, 11 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nawaza macho yako tu.

Mwache acheke. Seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, ilikuwa na mhudumu mmoja, programu tu, si mtu. Asiyemaliza ombi lake aliwazuia wote. Sasa kila anayeingia anapata mhudumu wake. Nimeijaribu hapa mezani, inakwenda kama maji. Weka nafasi, uje. Kitanda chako nimeshakitandika.

Mwanao

Bartang, 2 Novemba

Mwanangu,

U hali gani? Usiende tena stendi kunipokea.

Tovuti ilikuwa nyepesi kweli. Nilijibiwa papo hapo: kiti cha mwisho ni chako. Jirani yetu Dilafruz naye akajibiwa hivyo hivyo, na mtoto wake anakohoa na kuhema kwa shida. Tukakutana mlangoni mwa gari.

"Panda wewe, dada Nozigul," akaniambia.

"Nenda zako! Macho yangu hayakohoi."

Qurbonsho akapiga honi. "Apande mmoja, au nishuke mimi mwendeshe wenyewe!"

Nikamsukuma ndani na mwanawe. Theluji ikaanguka jioni ileile, barabara ikafungwa.

Mama yako

Dushanbe, 15 Machi

Mama,

Hujambo? Barabara imefunguka, barua yako ya Novemba ndiyo kwanza imenifikia, na hii nampa dereva wa kwanza anayekuja huko.

Kosa nimelijua. Wahudumu wawili walikitazama kiti kimoja kwa pamoja, wote wakakiona kitupu, wote wakakubali. Ilitakiwa kuwe na kufuli: mmoja akianza kutazama, mwenzake angoje mpaka jina liandikwe. Lakini niliijaribu peke yangu, mama. Ukiwa peke yako hugongani na mtu.

Nimechunguza seva. Ombi lako ndilo lililotangulia, kwa muda wa kufumba na kufumbua tu. Kiti kilikuwa chako. Dilafruz alikaa mahali pako, na nikimfikiria moyo wangu unaingiwa na kinyongo.

Macho yanaonaje?

Mwanao

Bartang, 6 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mwandiko huu si wangu. Daktari aliyepanda huku baada ya theluji amesema tumechelewa, macho yote mawili.

Kwa hiyo barua yako nilisomewa. Jirani anayesoma vizuri ni Dilafruz, aliyerudi barabara ilipofunguka. Alifika pale pa kiti na jina lake, akasoma mpaka mwisho, hakuruka neno. Na haya pia anayaandika yeye. Mtoto wake anatembea sasa, ananivuta mtandio nikisema.

Usiniandikie tena, Parvona. Njoo.

Mama yako