Maneno Niliyoyasema Kwenye Maiki

Saning'o ndugu yangu,

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike kule Kakesio, na chakula bado hakinishuki. Mke wangu anasema ni malaria. Nimemeza dawa ili anyamaze tu. Sio malaria.

Ni kaka yako. Pale kaburini alinishika mkono akanivuta mbele ya watu wenu wote, akasema kwa Kimasai, halafu akarudia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Huyu ndiye aliyembeba mdogo wangu siku Wairaqw wenzake walipotaka kumuua. Huyu ni mtu wetu." Mkeo akaniita Paker. Kaburi lilikuwa bado halijafukiwa lote. Nikainamisha kichwa, wakaona huyu mtu ana heshima. Saning'o, nilikuwa sina pa kuweka macho.

Hilo jina nililipata ulipotoka hospitali, baba yako aliponipa kondoo jike kwa kunishukuru. Kwenu watu wakipeana kondoo hawaitani tena kwa majina, ni Paker na Paker mpaka kufa. Umeniita hivyo miaka ishirini na kitu. Leo nakuita kwa jina lako, maana lile nililichukua kwa uongo, na nataka nikueleze uongo wenyewe.

Unalikumbuka banda la video nyuma ya stendi? Siku hizi wanaoshea magari ya watalii pale. Watu wana filamu zao kwenye simu, hakuna anayemhitaji mtu wa kutafsiri. Lakini wakati ule mimi nilikuwa mtu Karatu hii. Nakaa pembeni ya tivii na maiki yangu, deki ya video inazungusha mkanda, wewe uko mlangoni na fimbo yako unazuia wanaotaka kuingia bure. Uliniambia, "Wewe Paskali unaongea kuliko redio, na redio inapumzika."

Kiingereza changu ulikuwa hukijui kilivyo. Nilimaliza darasa la saba. Nilikuwa nashika neno moja, yanayobaki natunga. Na watu walipenda ninavyotunga, kwa sababu wazungu wa kwenye filamu nilikuwa nawapa majina ya watu wa hapa hapa. Jambazi anakuwa fundi cherehani fulani, polisi anakuwa mwenyekiti wa kijiji. Banda zima linaanguka kwa kicheko.

Ile filamu ya wanamaji tuliionyesha mara nyingi mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Meli ya vita ya wageni imetia nanga kwenye mto, nchi ya watu, wenyeji wamechachamaa wanataka waondoke. Wanamaji wamekaa tu, wanapiga deki, wanaugua homa, wanaogopa. Wewe uliipenda kuliko zote. Uliniuliza, "Hawa hawana mama? Mbona wamekaa kwa watu muda mrefu hivi?" Kesho yake nikalisema neno hilo kwenye maiki kama la kwangu, watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, hukunidai.

Na yule baharia kijana anayefyatua risasi mwishoni, ulisema, "Yule hafurahi. Muangalie uso." Wewe uliangalia nyuso. Mimi niliangalia watu wa kwenye mabenchi.

Sasa ile siku ya mnada. Unakumbuka wiki ile hali ilikuwa mbaya. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mtu, wenye shamba na wachungaji wa Kimasai wakapigana, mkulima mmoja alikuwa amelazwa kichwa kimefungwa. Wairaqw wenzangu walikuwa na hasira, hata sokoni watu walikuwa hawasalimiani. Mchana watu wametoka mnadani, wengine wameshalewa, banda limejaa mpaka wamekaa chini.

Nikaweka ile filamu. Mwanzo nilitafsiri kama siku zote. Halafu sijui shetani gani, nikawapa wanamaji majina ya vijana wetu. Wakashangilia. Kwa hiyo wenyeji, wale wanaokuja kwa makundi na mawe, nikawaita wenye ng'ombe. Nikasema, "Haya, wenye ng'ombe hao wanakuja, wamemaliza mahindi sasa wanataka na meli!" Mabenchi yakagongwa. Nilikuwa nimenoga, ndugu yangu. Utamu wa watu kukusikiliza ni mbaya kuliko gongo.

Mwishoni yule mkubwa wa meli anainua mkono anawaambia vijana wake kitu. Mimi nikasema: "Wapigeni! Asirudi hata mmoja kwa ng'ombe wake! Anzeni na wa karibu!"

Hayo ndiyo maneno. Sijawahi kuyaandika wala kuyatamka tena mpaka leo.

Nilikuona. Uligeuka pale mlangoni ukanitazama, umevaa shuka yako nyekundu, peke yako kwenye watu wote wale. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno lingine. Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Lakini walikuwa wanapiga makofi.

Filamu ikaisha, wakaanza kutoka. Na wa karibu alikuwa wewe.

Watu wote wanajua nilikubeba mgongoni mpaka hospitali. Hiyo ni kweli. Wasichojua ni kilichotangulia. Nilisikia fimbo ya kwanza. Nilisikia ubao wa benchi. Nilisikia unaniita jina langu, mara mbili. Na mimi nilikuwa ndani, nimeubonyeza mkanda urudi mwanzo, nimekaa naangalia namba za deki zikirudi. Mkanda ule ulichukua muda kurudi. Nilisubiri mpaka ukasimama wenyewe. Nilijiambia natoka sasa hivi, mkanda ukiisha natoka. Nilipotoka walikuwa wameshakimbia na nyonga yako ilikuwa imeshavunjika.

Kuanzia hapo hukuweza tena kurudi kwenu kufuata ng'ombe. Ukawa mlinzi wa geti pale kwenye loji, unafungulia Landkruza za watalii huku mguu unauburuta. Juzi nilipita, wameweka mlinzi mwingine, magari yanapiga honi mpaka yanachoka, yeye yuko na simu. Nikasimama kidogo, nikaondoka.

Uliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tumekaa pale getini, mvua inanyesha, unanimiminia chai kutoka kwenye chupa yako. Ukasema, "Paker, yale maneno ya siku ile. Yalikuwemo kwenye filamu au uliyatunga?"

Nikakujibu, "Ndivyo walivyosema. Mimi nilitafsiri tu."

Halafu ukasema, "Basi wale walikuwa watu wabaya, na mimi niliwaonea huruma." Ukaniongezea sukari.

Mwaka jana binti yangu Veronika, yule mwalimu, aliipata ile filamu kwenye simu. Tukaiangalia, ananieleza kila neno. Pale nilipoweka "wapigeni," yule mkubwa anasema: "Shusheni bunduki. Hawa wako kwao." Yule kijana anafyatua kwa woga tu, halafu anamfuata mwenyeji aliyepigwa, anavua kofia, anakaa naye chini. Mimi pale nilikuwa nacheka kwenye maiki. Ulimsoma sawasawa na hukujua hata neno moja.

Niliamua nije nikwambie. Nikaja, nikakukuta miguu imevimba, tukaongea habari za mvua. Nikaja tena, ukasema figo. Nikasema moyoni, upone kwanza. Nilikuwa nauangalia mkanda unarudi, Saning'o. Kazi ile ile.

Alhamisi kuna gari la mahindi linapanda Ngorongoro mpaka Kakesio. Nimeshaongea na dereva. Nakuahidi nitasimama mbele ya kaka yako, mkeo akiwepo, niwaambie neno kwa neno: nilichosema, nilivyokaa, na ulivyoniuliza nikakudanganya. Sitawaambia nilikuwa kijana. Sitaitaja pombe ya watu. Wakinifukuza nitashuka kwa miguu mpaka nitakapopata lifti. Wakitaka mambo yaende kwa wazee, nitakaa hapo hapo nisubiri. Na hata wakinisamehe, sitaacha kulisema hili kwa watoto wako, ili wajue baba yao alihisi ukweli na aliyemnyima ni nani.

Pumzika, ndugu yangu. Mguu wako sasa hauumi.

Jibu la swali lako ni hili: hawakusema. Ni mimi niliyesema.

Paskali