Mlango wa Kushoto

Mtongwe, Likoni
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mwanangu Jafar,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima huko Doha. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayonitokota. Nimeshika kalamu, binamu yako Swabra ataipiga picha barua akutumie, kwa sababu kwenye simu huwa wanikatiza.

Nani aliyekutuma uniletee kabati? Babako hajatimiza siku sabini kaburini, mimi niko edani, kioo hata cha mkononi nimekifunika, nawe waniletea milango miwili ya vioo kutoka chini hadi juu! Nijitazame nini? Na wanaume watatu chumbani mwangu! Swabra kamfungulia huyo fundi wako Katana, kisha kaenda zake kazini. Nikajifungia jikoni. Nikawasikia wakilitoa kabati la mvule la babako. Niko edani, nitatokaje mbele yao? Nikagonga ukuta kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Wao wakadhani natwanga.

Nalitaka kabati langu. Likikosekana, basi mlango mmoja tu, ule wa kushoto.

Mamako,
Mama Jafar

*

Doha
17 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, ila barua yako imenichoma.

Lile kabati lilikuwa halifunguki hata nusu, mlango wagota kitandani. Ulikuwa ukipanda kitanda kwa magoti kutafuta leso, na miguu yako hiyo! Mimi kazi yangu ni kuwafungia watu makabati, mwaka wa sita sasa. Niwatengenezee wageni, mamangu nimwache? Nikachagua milango ya kusukuma pembeni kwa kuwa haitaki nafasi mbele, na vioo ili chumba kipate mwanga. La eda nilisahau, niwie radhi. Vifunike kwa shuka. Lakini zile mbao kuukuu, mimi mwenyewe nilimpa Katana azichukue. Ulikuwa wazitakia nini?

Tena Swabra aniambia umemimina mafuta ya nazi kwenye reli ya milango. Mama, usitie mafuta! Yatashika mchanga na vigurudumu vitakwama. Piga brashi kavu kila Ijumaa, basi.

Na ahsante ni neno moja tu. Sikuliona.

Mwanao,
Jafar

*

Mtongwe
Jumanne, 2 Septemba 2025

Jafar,

Salamu nimezipokea, nami sijambo. Brashi nimepiga. Sasa nisikilize, maana hilo swali lako la "wazitakia nini" nimelala nalo wiki mbili.

Ndani ya mlango wa kushoto babako aliandika kwa penseli: Nasreen binti Mwinyihaji. Kazaliwa Jumatatu, 7 Rajabu. Kafa Jumatano, 16 Rajabu.

Ni dadako. Alikutangulia mwaka na nusu. Alizaliwa chumba hiki hiki, hana cheti, hana picha. Siku tisa. Ulipokuja wewe, nyanyako akatukataza kumtaja, asije akakuita umfuate. Tukanyamaza. Lakini kila asubuhi nikifungua ule mlango nilikuwa namsoma. Miaka thelathini na tano namsoma. Nawe umemgawa pamoja na kuni.

Mamako

*

Doha
21 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Afya yangu usiulize.

Sikuandika kwa sababu ya hasira, na bado ninazo, wallahi. Mwanifichia dada yangu umri wangu wote, kisha mwanilaumu kwa kutupa nisichokijua? Mimi nimelelewa kifungua mimba! Baba nimemtia kaburini kwa mikono yangu hii, naye kafa hajaniambia. Hata Fatiha moja mmeninyima kumsomea.

Nimempigia Katana. Rafu zimekwisha kwenda. Mlango wa kulia kaufanya banda la kuku. Wa kushoto uko: kaulaza juu ya mapipa, ndiyo meza yake ya kupigia randa, na maandishi yametazama chini. Hata hakujua yapo. Ana bahati.

Nimemwambia ang'oe kioo kimoja, autie mlango huo mahali pake. Mvule ni mzito, vigurudumu vya chini havitauweza, kwa hiyo natuma vya kuning'inia juu. Atakuja eda ikiisha, ili umsimamie mwenyewe.

Mwanao wa pili,
Jafar

*

Mtongwe
Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Mwanangu Jafar,

Asalaam aleikum. Eda nimetoka wiki iliyopita, alhamdulillahi, na miguu yanibeba.

Katana alikuja leo. Nimemgombeza kwa kila alama ya msumari, masikini, hadi akakataa chai. Akautundika mlango, maandishi ndani, kama yalivyokuwa. Nikausukuma. Lo! Kumbe mlango wa kusukuma haukuonyeshi mgongo wake hata siku moja, wapita tu. Nasreen kafichwa tena.

Nikamwambia, "Geuza." Akasema, "Mama, huku nyuma hakuna vanishi, na kila aingiaye atayasoma haya." Nikamwambia ayasome, na nyanyako huko aliko anisamehe.

Jioni akaingia jirani yangu Nyamvula kuona kabati jipya. Akauliza, "Nasreen ni nani?" Nikamwambia. Mara ya kwanza jina hilo kulitamka kwa sauti mbele ya mtu. Nikalia, naye akalia, kisha akanigombeza kwa kumnyamazia miaka yote hiyo.

Kwa wale wanaume watatu chumbani mwangu bado nimekukasirikia. Nawe una haki yako, kasirika, ukimaliza uje. Chini ya jina lake babako aliacha nafasi, jina lako hakulitia kwa kumwogopa mamake. Penseli nimeiweka juu ya kabati.

Ahsante kwa mlango.

Mamako,
Mama Nasreen