Santuri Safi za Hamisi

Mdogo wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka Ipuli, Tabora, ambako mvua za kwanza zimenyesha na asali ni tamu mno. Jana mwenyeji wangu Hamisi, mkusanyaji wa santuri za zamani, alikuwa akichagua za kuhifadhi. Safi alizipanga mezani, zenye mikwaruzo akazitia kwenye gunia la kutupa. Safi karibu zote zilikuwa nyimbo za majonzi.

"Wazee wetu walipenda huzuni," akasema.

Jirani yake Bi Mwajuma, aliyekuwa mwimbaji enzi hizo, akaangua kicheko. "Wee Hamisi! Hizo ni safi kwa sababu hatukuzipiga. Tulizozipenda tulizimaliza kwa kucheza. Na sauti yangu umeitia guniani!"

Nikaeleza kidogo, unanijua. Hata bluzi, muziki wa zamani wa Wamarekani weusi, ilipata wakusanyaji wa namna hiyo. Walithamini santuri adimu za mwanamume mpweke na gitaa lake, wakawapuuza akina mama waimbaji waliojaza kumbi, nasi tukadhani bluzi ni kilio tu.

Hamisi akaitoa santuri ya Bi Mwajuma, akaipiga. Ilikwaruza vibaya, lakini bibi aliinuka kucheza, akanivuta na mimi. Leo nachechemea kwa furaha.

Mungu akutunze, nibusie watoto.

Kaka yako, Saidi