Breki za Sabuni

Mbinga,
Alhamisi asubuhi.

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Nakuandikia wewe moja kwa moja, maana hata bahasha ikiwa na jina la mama najua utaifungua wewe. Mguu unaendeleaje? Kifua cha mama kimeachia? Na machungwa je, wanunuzi wamefika Muheza mwaka huu, au yameozea chini tena? Mimi mwili mzima, ila baridi ya huku inaninyoosha. Asubuhi milima haionekani kwa ukungu, na mimi mtu wa Tanga nalala na koti. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki usimsomee mama.

Unajua kwamba naendesha gari la Mzee Ndunguru, mnunuzi wa kahawa. Zamani alikuwa dereva wa lori la ushirika, kama wewe ulivyokuwa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa amepanda haraka, na msimu uliopita akaagiza pikapu kutoka Dubai. Kaka, hujaona gari kama lile. Nyeupe, milango minne, viti vya ngozi, vioo vinapanda kwa kitufe, gia inajibadilisha yenyewe, mguu wa klachi hakuna. Mkoa huu mzima liko hilo moja tu. Vijana wa Kitai tukisimama wanakuja kujitazama kwenye milango na kuchana nywele.

Lakini kulitunza ni kama kulea mtoto wa tajiri. Viti bado vina nailoni za dukani na ole wako uzitoe. Jua likiwaka unashikwa makalio kama umekalia karai. Kila anayepanda anavua viatu. Siku moja tulimpa lifti mwalimu mkuu wa Namswea, tukaviacha viatu vyake barabarani, akashuka mjini na soksi. Boneti haifunguliwi palipo na vumbi, na nchi hii kiangazi ni vumbi tupu, kwa hiyo haifunguliwi. Mimi naliosha asubuhi na jioni, na bosi anapita na kitambaa cheupe kunikagua kama mama mkwe.

Halafu kuna mwanamke ndani ya dashibodi. Usicheke. Ukiacha mlango wazi anasema neno kwa Kijapani, ukisahau taa anasema lingine, sauti ya upole kabisa. Bosi alikuwa akiwaalika wageni waje wamsikie. Kama mwezi mmoja na nusu uliopita akaanza kusema maneno mapya, marefu, kila nikikanyaga breki, na taa nyekundu inawaka karibu na usukani. Hapa Mbinga nani anajua Kijapani? Bosi akachoka, akamwita fundi redio akakata waya. Sasa yule mama amenyamaza. Taa wameibandika plasta.

Mimi nilifungua boneti bosi akiwa kanisani. Nikaangalia kikopo cha mafuta ya breki, nikaona povu. Nikatia kidole, nikanusa. Sabuni.

Kaka, nisamehe, lakini ujanja huo niliujifunza kwako. Enzi za uhaba, mafuta ya breki yalipokuwa hayapatikani hata kwa dawa, mlikuwa mnakoroga sabuni ya mche kwenye maji na kumimina humo, mkaenda hadi Arusha mkarudi mkijisifu. Mzee Ndunguru naye ndiyo shule aliyosoma. Siku hizi makopo yamejaa madukani, lakini anasema yote ni feki ya Dubai, eti sabuni ndiyo aliyoijaribu akaijua. Gari la Dubai analiamini, mafuta ya Dubai hayaamini!

Na ana tabia nyingine ya malori. Tukifika mteremko ananiambia nitoe gia, gari liteleze lenyewe, petroli isiliwe. Kwa hiyo mlima wote unabebwa na breki peke yake. Breki inapata moto, maji ya sabuni yanachemka, na maji yakichemka pale chini ya mguu hakibaki kitu ila hewa.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunateremka kwenda Mbamba Bay, bosi pembeni yangu anakula karanga. Kona ya tatu mguu wa breki ukazama. Ukafika chini kabisa, kaka, kama nimekanyaga uji. Nikapampu, hakuna. Upande wa kushoto naona ziwa chini kule, bluu, limetulia, na kati yetu na ziwa hapana kitu. Nikarudisha gia ndogo bila kumuuliza mtu, injini ikalia, nikalibana gari upande wa juu wa mlima likajisugua kwenye udongo mpaka likasimama. Bosi aliteremka peku, akatazama mkwaruzo wa rangi, akanikata mshahara. Tulikaa pale karibu saa nzima, breki ikapoa, ikarudi. Ikamwonyesha kwamba mimi ni mwoga.

Baada ya hapo nilinunua kopo la mafuta halali Songea, nikamwaga sabuni yote, nikajaza. Haikusaidia. Raba za ndani zimeshaliwa na sabuni, mafuta yanapita pembeni. Zinatakiwa raba mpya, na za gari hili hazipo Mbinga, hazipo Songea, zimeagizwa Dar es Salaam na hakuna anayejua zitafika lini. Asubuhi mguu wa breki uko juu, ukienda kidogo unashuka. Bosi naye kila akiona kikopo kimepungua anaongeza sabuni yake.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii binti yake wa mwisho, Odilia, anaolewa Kihagara, kule chini ziwani. Gari hili ndilo litakalowateremsha. Ndani bibi harusi, shangazi zake wawili na mama mzazi wa bosi. Nyuma kina mama wa kwaya, na watoto wao mgongoni. Nimehesabu majina waliyoandikishana, ni watu kumi na tisa.

Jumatatu nilimwendea bosi, nikamwamkia, nikamwambia kwa adabu zote kwamba gari halina breki, tutumie lile lori la mahindi. Lori ni bovu kwa sura lakini linasimama. Akasema hawezi kumpeleka mwanawe kwa mume juu ya magunia, watu wa ziwani wamcheke. Nikamwambia basi tusubiri raba.

"Ukiogopa, nipe ufunguo," akasema. "Mlima ule nimeuteremka hujaota ndevu."

Na atafanya hivyo, kaka. Nikikataa, anaendesha yeye, na anatoa gia pale pale juu kileleni. Nikikimbia, anaendesha yeye. Nimelala juu ya neno hilo siku tatu.

Jana bibi yule, mama wa bosi, aliniita jikoni kwake akanipa maharage na viazi. Ni mwanamke mdogo wa umbo kama kuku wa kienyeji, na ndiye mtu pekee hapa anayeniuliza habari za kwetu. Akaniambia nimwekee kiti cha mbele. "Nimeuteremka mlima ule kwa miguu maisha yangu yote, mzigo kichwani," akasema. "Safari hii nataka nikae tu nitazame ziwa." Nilijaribu kumwambia. Nikaanza, nikasema bibi, gari linaumwa. Akanipigapiga mkono akasema mwanawe ni dereva wa zamani, atajua. Niliogopa jana kuliko siku ile ya mlimani.

Leo alfajiri nilipotoka kuosha gari nilifungua boneti, kuwe na vumbi kusiwe. Nikachomoa rota, kile kidude kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho gari haliwaki hata ulisukume mpaka Songea. Na kama raba zake hazipatikani, rota yake nayo haipatikani.

Nilitaka kukitupa chooni, nikaona huo utakuwa uharibifu. Nikataka kukificha chumbani, nikajijua. Mimi mtu mzima akinililia nalegea, na Mzee Ndunguru Jumamosi asubuhi, bibi harusi amevaa, atalia. Ningekitoa. Kwa hiyo nimekifunga kwenye kitambaa na kinakuja kwako na barua hii, kwa mkono wa dereva wa basi, yule mtu wa Korogwe uliyefanya naye kazi. Nikishajua basi limepita Kitai nitakwenda kwa bosi na kumwambia mbele ya mama yake nilichofanya, na kwa nini. Sikimbii. Nikikimbia itakuwa wizi, na watatafuta njia nyingine ya kuliwasha bila mtu wa kuwakataza.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie blanketi alilonishonea linanisitiri. Mke wangu Mwanaidi mwambie asisikilize maneno yatakayofika kabla yangu, na amshike mtoto vizuri mkono wakivuka reli. Mjomba Seif mwenye mkaa mpe salamu, deni la ubishi wetu wa mpira bado analo. Shemeji, mkeo, asante kwa kashata. Zilifika zote vumbi, nikazila kwa kijiko.

Basi linapiga honi. Kaka, wakija askari hapo nyumbani kuitafuta rota, wape, usibishane, na uwaambie niliitoa mimi Athumani, nikiwa na akili zangu. Lakini kama watakaokuja watakuambia gari limeanguka mlimani na watu, na kwamba dereva alikuwa mdogo wako, basi usiwape. Nenda nayo mpaka mbele ya hakimu, uiweke mezani, uwaambie niliitoa ili gari lisiwake, na sikuliwasha mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani.