Faili Lako Limesomwa, Siri Yako Haijatoka

Mama Siwema,

Tumeshinda. Naanza na hilo, maana wewe mtu akizunguka unamwambia, "Sema bwana, chungu kinaungua."

Yule tabibu wa zahanati ya barabarani kanyang'anywa leseni. Barua nimeisoma mwenyewe mara tatu, kidole chini ya mstari. Hatibu tena mtu. Mlango wake una kufuli.

Na ugonjwa wako hakuna wa nyumbani wala wa mtaani aliyeujua. Hata mama yako. Hata Siwema. Ndiyo maana naandika kwa mkono wangu, na hili darasa la nne langu. Siwema alitaka kuniandikia, nikamwambia toka. Ugonjwa wenyewe siutaji hata hapa. Karatasi huokotwa.

Nikueleze ilivyokuwa.

Siku ile una homa, alikuchoma ile sindano. Ile ile iliyokuvimbisha uso mwaka wa nyuma yake. Na mwaka ule mwenyewe aliandika kwenye faili kwa wino mwekundu, huyu asichomwe tena dawa hii. Tulikuwa wote pale mezani kwake. Ukacheka ukasema, "Baba Siwema, sote tumeandikiwa wino mwekundu. Wewe mitihani, mimi sindano."

Siku ile ya homa faili lipo mezani. Hakulifungua. Akachoma.

Ulifika mlangoni ukakaa chini. Ukanitazama. Basi.

Sikujua hata pa kukushika. Nilikuwa nimetoka ghalani, mikono vumbi tupu la korosho.

Baada ya arobaini nikaenda kumdai faili. Akanikalisha kiti kizuri. "Mzee wangu, faili la mgonjwa ni siri. Hata akifa. Sheria hiyo." Kisha akashusha sauti. "Na humo mna mambo yake yote. Likifunguliwa, Kibiti nzima itajua. Unataka hivyo?"

Nilitoka pale kama mwizi ni mimi.

Nilikuapia, Mama Siwema. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, ukasema, "Nikitangulia, hili nizike nalo." Sasa nikisema, nakuvunjia kiapo. Nisiposema, kesho atamchoma mwingine. Mwezi mzima nabeba magunia nawaza hilo tu. Wenzangu wananiambia we mzee umekuwa bubu.

Zaidi ya mimi na yule tabibu, aliyekuwa anajua ni sista Neema peke yake, yule nesi wa bara aliyekuwa anakupa dawa zako kimya kimya. Nikamfuata kwake. Nikamwambia yote. Akakasirika mpaka akasimama.

"Baba, siri ni ya mkeo. Si shuka la tabibu kujifunikia! Wapo wakubwa wanaowasimamia hawa. Wanaruhusiwa kusoma, na wakisoma nao wamefungwa mdomo. Kaa hapo tuandike."

Tukaandika. Nikatia sahihi, jina langu zima.

Wakaja kutoka Dar, mama mmoja mfupi wa miwani na bwana mmoja. Wakaniita nami zahanati. Tabibu akawapa wimbo wake, siri, siri. Yule mama akamwambia, "Kwa majirani ndiyo siri. Kwangu mimi lete."

Akaleta. Bahasha wazi, haina hata gundi. Na aliyenyoosha mkono kuipeleka garini nani? Dereva wao, Mshamu! Mshamu wa shangazi yako, yule akila ugali kwao mtaa wa pili wanajua mboga gani.

Nikasema, "Haiendi hivyo."

Wote wakanigeukia. Shazia yangu ya kushonea magunia ninayo kwenye kofia, na uzi wa katani. Nikaomba kiroba kitupu nje, nikaitia bahasha, nikakishona mdomo, mshono wetu wa korosho za mnada. Mshono ule ukifumuliwa, kila mtu anaona.

Mshamu akanicheka. "Shemeji, unashona faili au unashona kiroba cha pumba?"

"Nashona mdomo wako, shemeji."

Walicheka mpaka yule bwana wa Dar akashika ukuta. Lakini yule mama hakucheka. Akachukua kalamu, akatia sahihi yake juu ya mshono pale pale. Toka siku hiyo ghalani naitwa Wakili Kiroba. Naitika.

Siku waliporudi Kibiti kwa kikao cha kumhoji tabibu, nje walijaa watu, mama yako mbele kabisa. Ndani madirisha yamefungwa. Mshono umekutwa mzima. Wakaufumua mimi naona, wakasoma kwa macho, hakuna aliyetoa sauti. Kisha yule mama wa miwani akamuuliza tabibu, "Huu wino mwekundu nani kaandika?"

"Mimi."

"Siku ile uliusoma kabla ya kuchoma?"

Akajifuta uso. Jasho hilo. Kisha akaanza, "Lakini yule marehemu alikuwa na..."

Yule mama akapiga meza. "Sijakuuliza alikuwa na nini!"

Eh, Mama Siwema! Laiti ningejua kupiga vigelegele.

Nilipotoka nje, mama yako akanisimamisha mbele za watu. Miezi yote hii alikuwa hanisalimii, ananiona nimemficha kitu. Akauliza, "Mwanangu alikuwa anaumwa nini?"

Nikamwambia, "Mama, mwanao kauawa na sindano aliyokatazwa. Wameliona kwenye karatasi. Hilo ndilo la kujua."

Akanitazama sana. Najua alijua lipo jingine. Akanishika mkono, akasema, "Basi, baba. Inatosha." Tukarudi nyumbani pamoja, akanipikia. Mchuzi wa watu, si huu wangu. Mimi bado chumvi inanishinda.

Faili wameenda nalo, limefungiwa kwao. Tabibu kaonywa kwa maandishi, akitamka neno anashitakiwa. Sista Neema ni jiwe. Hapa mtaani pa kuvujia pamebaki mahali pamoja tu, napo ni mimi. Nakuapia tena, mara hii bila mahindi mkononi. Siku yangu ikifika nitakuja nayo siri yako kama ulivyoniachia.

Lala, mke wangu. Hakuna anayenong'ona habari zako.

Baba Siwema